Fundo la Ulimi



Juma mbili zilizopita, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaa wetu alitungoja kwenye ngazi za msikiti, viatu mkononi, akisubiri watu wapungue. Alipoona hakuna wa kutusikia akasogea. "Maalim," akasema, "binti yangu ameharibika ulimi. Kila usiku hujifungia chumbani akasema peke yake kwa puani, mithili ya mwenye mafua. Nimemuuliza mamake, naambiwa ati ni Kizungu cha Marekani anajifundisha. Nakuomba uje umkanye kabla hajatutoka."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tukubali kwenda, kwani mafua hayana haja ya sheikh. Mzee yule hakuwa akiiogopa pua ya mwanawe. Aliogopa kwamba mtoto akianza kusema kwa sauti ya watu wengine, kidogo kidogo atahamia kwao hali bado analala chumba cha pili. Na khofu hiyo si yake peke yake. Tumeisikia harusini na tumeisikia matangani, na tukiri kwamba hata sisi wenyewe tumewahi kuisema juu ya mimbari, kwa ukali uliozidi ujuzi wetu.

Alhamisi tukaenda. Binti mwenyewe tunamjua. Alisoma kwetu chuoni tangu alifu hadi akahitimu, na kisomo chake kilikuwa safi. Alitoka akatuamkia kwa adabu, akaketi kando ya mlango, uso chini, akijua fika tumeletwa kwa nini. Tukamwomba atueleze mwenyewe.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Tangu mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika hapa Mombasa, zimezuka kazi ambazo mtu huketi huku akamhudumia mteja aliye ng'ambo. Yeye aliomba moja ya kazi hizo, ya kupokea simu za wateja wa Marekani. Mtihani wa kuandika aliupita vyema, lakini mtihani wa kusema ukamshinda. Aliambiwa kwamba wateja hawatamwelewa, akapewa nafasi ya kurudi mwisho wa mwezi. Asichokisema yeye tulikijua sisi: babake mgongo haumruhusu tena kazi ya bandarini, na nyuma ya binti huyu wapo wadogo wawili ambao karo zao zinangoja.

Tulikuwa tumekuja kukanya, basi tukasema, "Hebu kwanza tusikie." Akafungua simu. Mwanamke wa Kimarekani akasoma sentensi, binti akairudia. Sentensi ya pili, akairudia. Hapo ukatupanda ugonjwa wetu wa ualimu. Kidole kikanyanyuka chenyewe kama kinyanyukavyo darasani, tukajisikia tukisema, "Rudia hiyo." Neno lilikuwa "good", na yeye aliitia dali ya mwisho qalqala.

Wasomaji waliopita chuoni watatabasamu. Qalqala ni ule mtikisiko tunaoutia katika herufi tano, kafu, ta nzito, ba, jimu na dali, zinapotulia, ili zisimezwe. Mtoto aliyelelewa juu ya qalqala humaliza "good" na "job" kwa kamwangwi kadogo kanachofanana na irabu, na sikio la Mmarekani husikia silabi ya ziada isiyokuwapo. Kosa lile lilitoka kwetu. Sisi ndio tuliomfundisha, na kwa Qur'ani tulimfundisha sawa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa Kiingereza haiendi.

Basi ziara ya kukanya ikageuka darasa.

Kabla hatujafika kwenye herufi zenyewe, tuseme kwa nini hatukuona haya. Elimu ya kupima sauti mdomoni ni elimu ya zamani katika dini yetu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, aliyeishi Basra katika karne ya pili ya Hijra, aliipanga kamusi yake kwa kufuata pahali herufi inapotokea, akianza na ayni iliyo kooni na kuja mbele hadi midomoni. Husimuliwa kwamba alipotaka kuionja herufi alitanguliza hamza kisha akaituliza herufi yenyewe, ab, at, a', akausikiliza ulimi wake umesimama wapi. Mwanafunzi wake Sibawayhi, aliyezieleza makhraji za Kiarabu kwa umakini unaotegemewa hadi leo, alikuwa Mfursi; Kiarabu hakikuwa lugha ya mamake. Na Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayaweza kwa muda wa nusu mwezi. Kuijua lugha ya watu unaoamiliana nao hakuhitaji kuombewa radhi. Na mwenye kuijua lugha hana budi aijue na mdomoni, kwani simu haisomi maandishi.

Tukaanza na r, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtoa jasho.

Ra yetu, ya Kiswahili na ya Qur'ani, hupatikana pale ncha ya ulimi inapogonga karibu na ufizi wa juu. R ya Kimarekani haigongi popote. Ulimi hujikusanya nyuma, kingo zake mbili zikaegemea magego ya juu, ncha ikabaki inaning'inia, na midomo ikajikunja kidogo. Binti alikuwa akiitafuta puani, na pua haina fungu katika herufi hiyo. Tukamwambia afanye kama al-Khalil: aseme "a", kisha aurudishe ulimi nyuma polepole bila kuuruhusu uguse kitu, asikilize. Mara ya kwanza ikatoka ra. Mara ya kumi ikatoka kitu kisicho na jina. Baada ya karibu nusu saa ikatoka yenyewe, naye akashtuka, akaiziba midomo kwa kiganja kana kwamba imetoka kwa mtu mwingine. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na hakusema neno.

R hiyo Wamarekani walio wengi huitamka kila inapoandikwa, hata mwisho wa neno: "car", "father", "order". Sisi tuliosomeshwa na waliosomeshwa na Waingereza tuliambiwa kwamba mwishoni haina kazi, tukazoea kusema "kaa" na "faadha". Hilo halikuwa kosa, ni desturi ya nchi nyingine. Lakini mtoto anapoisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza hudhani amekuwa akikosea maisha yake yote, na hapo moyo huvunjika bila sababu.

La ajabu zaidi ni kwamba ra yetu ile waliyoiondoa katika r, wameiweka katika t. T iliyo baina ya irabu mbili, ya pili ikiwa haikutiwa mkazo, huigonga kwa wepesi juu ya ufizi, ikasikika mno kama ra ya Kiswahili. Neno "city", ambalo hapa tunasema "siti", kwa Mmarekani hukaribia kuwa "siri". "Water" huanza kama mtu anayetaka kusema "wara". Binti alipoambiwa kwamba sauti hiyo anayo tangu uchangani, katika bahari na katika habari, alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tukamwonya tu kwamba hiyo aiache mwisho. Akisema "siti" kwa t iliyo wazi ataeleweka vizuri sana. Ni pambo, na pambo huvaliwa baada ya nguo.

Herufi za "think" na "this" hazikutuchukua hata dakika mbili. Tha na dhali tumezirithi. Mtoto wa pwani husema thamani na dhahabu bila ya kufikiri, ilhali wenzetu wengi wa bara hutaabika nazo, wakasema "sink" na "zis". Kuhusu tha tuna jambo la kueleza, nalo tutalieleza hapa ijapokuwa hatukupanga.

Miaka mingi iliyopita alikuja chuoni kwetu mtoto aliyehamia kutoka bara, wazazi wake wamesilimu karibuni. Tha haikumjia. Kila alipofika kwenye "thumma" alisema "summa". Siku moja tulikuwa tumechoka, na badala ya kumwonyesha meno na ncha ya ulimi kama inavyompasa mwalimu, tuliirudia sauti yake kama alivyoitoa, mbele ya darasa zima. Watoto wakacheka, nasi tukacheka. Alikuja siku mbili zaidi kisha asionekane tena. Tulipopata akili ya kuwauliza jirani zake, jamaa walikuwa wamekwisha hama. Qur'ani imekataza wazi watu kudharau watu wengine, na Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayesoma kwa shida na kudodosa ana malipo mawili, yote hayo tulikuwa tukiyafundisha asubuhi ile ile. Tumesahau majina ya wengi waliohitimu kwetu. La mtoto yule hatujalisahau.

Watu wetu hupenda kusimulia kwamba Bilal (r.a.) alikuwa akitamka sini mahali pa shini, na kwamba sini yake kwa Mola ni shini. Wanavyuoni wa hadithi, miongoni mwao Ibn Kathir, wamesema kisa hicho hakina asili. Bilal alipewa adhana kwa uzuri wa sauti yake. Twaona ajabu kwamba watu wamekishikilia karne zote hizi hata hivyo. Labda katika kila darasa yupo mmoja anayekihitaji.

Turudi chumbani. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko r ni irabu. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja imekaa pake. Kiingereza cha Marekani, ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, kina kumi na nne au kumi na tano. Zote hizo sisi huzisukuma katika vyumba vyetu vitano, kwa hivyo "bad", "bud" na "bird" kwa wengi wetu ni neno moja: baya, chipukizi na ndege wamekaa kiti kimoja. Mtu wa tajwidi hudhani dawa yake ni madi, kwamba "sheep" ni "ship" iliyovutwa. Si hivyo tu. Katika "sheep" ulimi umepanda na midomo imetanuka. Katika "ship" ulimi umeshuka kidogo na kila kitu kimelegea. Ukiivuta "ship" harakati sita itabaki kuwa jahazi na haitakuwa kondoo. Kwa jambo hili hatukuwa na ufupisho. Tulimwambia achukue maneno mawili mawili yanayokaribiana, amsikilize msomaji wa Kimarekani mara nyingi kabla ya kufungua kinywa, kisha ajirekodi kwa simu na alinganishe. Ni talakini ile ile: mwalimu husoma, mwanafunzi husikiliza, hurudia, husahihishwa. Aliyejifunza kwa macho pekee, awe na tajwidi au awe na Kiingereza, humjua msikilizaji akimsikia.

Kisha kuna mkazo, na hapa ndipo, kwa maoni yetu, mitihani mingi ya kusema hupotelea. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, wala hatuufikirii. Tunayo maneno machache yanayotukumbusha kwamba mkazo una maana: barabara inayopita magari, na mambo yaliyo barabara. Herufi ni zile zile, ila pahali pa kukaza panatofautiana. Kiingereza ni lugha ya barabara mbili kila siku. "Record" ikikazwa mbele ni kumbukumbu iliyoandikwa. Ikikazwa nyuma ni kule kurekodi. Na silabi isiyokazwa Mmarekani huimeza. "Banana" ina a tatu kwenye karatasi, ila ya katikati pekee ndiyo inayotamkwa kamili. Mbili za pembeni ni pumzi tu. Mswahili huzipa zote tatu haki yake, kwa uadilifu, na msikilizaji akachelewa kulijua neno. Binti huyu alikuwa akisema kila silabi waziwazi kama asomaye mbele ya walii. Tukamwambia kwamba huku uadilifu huo hautakiwi, na amwache Mmarekani ameze silabi zake.

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike safu hii.

Wenye kusikia kwa Kimarekani wanapolalamika kwamba hawakuelewa, mara nyingi sababu ni p, t na k za mwanzo wa neno. Wao huzitoa na pumzi. Ukisema "pack" bila pumzi, wao husikia "back". Ukisema "coat", wao husikia "goat", na mteja aliyenunua koti akashangaa kuulizwa habari za mbuzi. Tulimwekea binti kipande cha karatasi mbele ya midomo, tukamwambia aseme "pay" hadi karatasi itikisike. Karatasi haikutikisika. Akasema kwa nguvu, akapandisha sauti, karatasi imetulia vile vile.

Mamake alikuwa jikoni akikaanga kaimati, akisikiliza kila kitu. Huyu ni mama wa Mvita, hakusoma skuli, na Kiingereza chake hakizidi salamu. Akachungulia akauliza, "Mnataka ipi, ya nyumba au ya mnyama?"

Hatukumfahamu mara moja. Akaja akasimama mbele ya karatasi. Akasema "paa", la nyumba, karatasi ikatulia. Akasema "paa", wa mwituni, karatasi ikapeperuka. Akaendelea kwa hiari yake: kaa la moto, kimya, kaa wa baharini, karatasi ikaruka. Binti alimtazama mamake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Tofauti hii ipo katika Kimvita tangu azali, na wazee wote wa rika la mama yule wanayo. Lakini maandishi yetu ya leo hayaionyeshi, na watoto waliosoma Kiswahili cha vitabuni wengi wao wameipoteza. Paa kwao ni paa tu. Babake alikuwa akihofu kwamba Marekani itamwibia mwanawe ulimi. Kumbe kipande cha ulimi huo kilikwisha potea zamani, darasani, sote tukiangalia, na hakuna mzee hata mmoja aliyekuja kutungoja kwenye ngazi za msikiti kwa ajili yake. Na njia iliyomrudisha binti kwenye kinywa cha mamake ilipita Marekani. Mama alikaa naye hadi magharibi. "Pay" ikatoka kutoka kwa paa, na "coat" ikatoka kutoka kwa kaa wa baharini.

Tukaulizana pia na mzee, tukinywa kahawa, hicho "Kimarekani" chenyewe ni kipi. Maana watu husema kana kwamba Wamarekani wote wana mdomo mmoja. Mwaka 1962 mtaalamu wa lugha aitwaye William Labov aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la wanyonge. Katika kila duka aliwauliza wauzaji pahali pa kitu alichojua kiko ghorofa ya nne, ili wamjibu "fourth floor". Kisha akajifanya hakusikia, wakarudia. Alichokuwa akikihesabu ni r. Katika duka la matajiri r ilitamkwa zaidi, na katika duka la wanyonge ilitamkwa kidogo kuliko zote. Kwa hivyo r hiyo inayomtoa jasho binti wa Mvita iliwahi kuwatoa jasho hata wauza nguo wa New York wenyewe, wakijipima mbele ya wateja wao. Mzee alikipenda kisa hicho. Akasema, "Basi nao wana waungwana na wasio waungwana wa ulimi." Tukamwambia, wanao.

Kuna na jambo jingine lililotupa nguvu. Watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walichapisha mwaka 1995 kazi iliyotenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Waliwachukua wasemaji wa Kichina wanaosema Kiingereza, wakawasikilizisha wenyeji sauti zao, wakawataka waandike walichosikia na pia wapime ukubwa wa lafudhi. Wakaona kwamba mtu anaweza kuhukumiwa kuwa na lafudhi nzito, na wakati huo huo kila neno lake likaandikwa sawasawa. Lafudhi na kueleweka ni vitu viwili. Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi ili wapate kuyafahamu maneno yake. Hakuomba aseme kama Firauni. Na alipoona ndugu yake Harun ni fasaha kumshinda, alimwomba awe msaidizi wake, wala hakuona unyonge.

Kwa hivyo mpangilio tuliompa binti ulikuwa huu: mkazo kwanza, kisha irabu zinazobadilisha maana, kisha pumzi ya p, t na k, kisha r. Ile t inayogeuka ra, akiipata, aipate. Pua aiache kabisa.

Lilibaki moja, na hapa tulikuwa wakali. Binti alisema kwamba wengine wanaofanya kazi hizo huambiwa wajichagulie jina la Kimarekani, na mteja akiuliza, waseme wako huko huko. Tukamwambia kwamba kuukunja ulimi si uongo. Ni kama kuvaa kanzu safi ya kwenda kwa watu. Jina la kazini nalo tunaliona jepesi, madhali halimdhulumu mtu, ingawa wapo watakaotupinga, na tunaiheshimu hoja yao. Lakini kumwambia mtu umekaa Texas nawe umekaa Mombasa ni uongo, uwe kwa lafudhi yoyote. Akitakiwa aseme hivyo, na aombe asimjibu mteja swali hilo. Akikataliwa, riziki ina milango mingine. Babake aliitikia kwa kichwa. Nadhari yetu ni kwamba hilo ndilo alilotaka kusikia tangu mwanzo, ila hakujua limekaa upande gani.

Saa nazo tulizizungumza. Asubuhi ya saa tatu New York huwa kwetu saa kumi au saa kumi na moja za jioni, kulingana na majira yao, hivyo kazi huingia usiku na kupita juu ya magharibi na isha. Apate ruhusa ya sala kwa maandishi, na nduguye awe akimngojea kwenye kituo cha matatu. Mambo haya wazazi wanayajua kuliko sisi.

Kabla ya kuaga tukamtaka atusomee Fatiha, kwa mazoea tu, kama tunavyowafanyia wote waliosoma kwetu. Akasoma bismillahi. Alipofika kwenye "Rabb", ra ikatoka ikining'inia, ulimi nyuma, haikugusa kitu. Chumba kizima kikanyamaza. Mzee akafungua macho. Binti akabadilika rangi, machozi yakamlenga.

Hatukucheka. Tulinyanyua kidole tukasema, "Rudia hiyo." Akarudia, bado. Tukamwonyesha: ncha ya ulimi juu, gonga mara moja, acha. Mara ya tatu ikagonga. Akaendelea hadi mwisho, na kila ra iliyomo akaitoa kama alivyoitoa alipokuwa na umri wa miaka tisa. Tukakubaliana kwamba tangu siku ile, kila usiku, kabla ya kuifungua simu atasoma nusu ukurasa wa msahafu kwa sauti, na akiifunga simu atasoma nusu nyingine, mamake akimsikiliza kutoka jikoni.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Majibu bado. Mzee ametualika tena Alhamisi hii, na mama ametuma neno kwamba tuje na karatasi nyingine, kwani ile ya kwanza ilirowa kahawa.